Kioo Kinachozimika Mama Akifikiri

Nimeoa katika nyumba ya mafundi cherehani, na humo ndani mwanamume asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano ni mgeni wa kudumu. Bahati yangu ni kwamba natengeneza laptopu. Siku mama mkwe wangu alipoamua kuacha kuchora nembo za sare kwa kalamu na kuzichora kwenye kompyuta, mimi nikapanda cheo. Laptopu nilimchagulia mwenyewe. Nikamwekea programu ya kuchorea tarizi, nikaiunganisha na mashine kubwa ya kutarizi iliyo kwenye kona ya karakana yao, kisha nikaipanga isilale hata ikifunikwa, maana mashine ile ikianza kushona nembo haipendi kukatizwa katikati.

Mama alijifunza upesi kuliko nilivyotarajia, na nakiri kwamba nilitarajia kidogo. Alichora simba wa shule ya msingi akiwa na manyoya yanayopepea kweli. Alichora kifaranga wa kituo cha watoto, mwenye jicho la ujanja hivi kwamba walimu walirudi kuagiza mashati zaidi. Wateja wakaanza kumwulizia yeye, si cherehani zake.

Kisha kioo kikaanza kuzimika.

Kompyuta yenyewe ilikuwa haizimiki. Feni inavuma, taa ya umeme inawaka, mashine ya kutarizi inaendelea kushona kana kwamba hakuna lililotokea, lakini kioo kinakuwa cheusi tii. Baada ya muda kinarudi kinapojisikia. Na kilichonitia wazimu ni kwamba kilifanya hivyo kwa Mama tu. Mke wangu, ambaye ndiye msimamizi wa karakana, akikaa pale kinawaka. Mimi nikikaa kinawaka. Akikaa Mama, giza.

Mke wangu akasema mama yake ana nuksi na vitu vya umeme. Alisema kwa utani, lakini utani ukirudiwa sana hugeuka kuwa habari. Mafundi wengine wakaanza kumwonea Mama huruma, na Mama ni mtu asiyependa kuonewa huruma.

Mimi nikaichukua laptopu kibandani kwangu. Nilianza na draiva, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili zake. Draiva ni programu ndogo inayosimama kati ya kompyuta na kadi ya picha, kama mshenga. Mshenga akikosea ujumbe, nyumba mbili hazielewani, na kioo hujaa mistari, huganda, au huwa cheusi. Nikaondoa draiva iliyokuwemo, nikaweka mpya. Nikairudisha kwa Mama, giza. Nikaondoa mpya, nikaweka ile ya zamani. Giza. Laptopu ile ilikuwa na kadi mbili, ndogo iliyomo ndani ya kichakataji na kubwa ya kujitegemea, basi nikaizima ile kubwa ili ndogo ifanye kazi peke yake. Giza lilelile. Nikasema labda ni joto. Nikafungua, nikatoa vumbi la pamba kwenye feni, vumbi la kutosha kujaza mto wa mtoto. Haikusaidia kitu.

Nikawaachia kioo cha pembeni, kile cha mezani, nikakiunganisha kwa kebo. Jioni mke wangu akaniambia kioo cha laptopu kilizimika tena, ila cha pembeni kilibaki na picha safi. Nilifurahi sana, nikasema leo nimemkamata mwizi. Kama cha pembeni kinaonyesha, basi kadi ni nzima na draiva ni nzima, ugonjwa uko kwenye kioo chenyewe au kebo yake ya ndani. Nikabadilisha kebo. Kibandani ikawaka kutwa nzima bila kupepesa. Nikaipeleka karakana kifua mbele, Mama akakaa, na kabla sijamaliza maji niliyokaribishwa kioo kikazimika.

Mimi kitu kikinishinda silali, na mke wangu analijua hilo kwa kuwa naye halali. Lakini safari hii alikuwa na la kwake la kuniambia. Alikuwa amempata mchoraji mmoja aliyemaliza chuo, anayejua programu ileile, na angeanza kazi wiki inayofuata. Mama angepumzika. Angekaa mlangoni apokee wateja, akate nyuzi zilizoning'inia, na presha yake ingetulia. Mke wangu alipanga yote hayo kwa mapenzi, na laptopu ilikuwa imenishinda.

Mama hakubishana na binti yake. Ila siku iliyofuata, nilipokuwa natoka karakana, aliniita pembeni.

"Nijaribie tena, mwanangu," alisema. "Nikiinuka kwenye ile meza, sitarudi."

Sasa lazima nieleze jambo moja. Mimi nililelewa nikijua kwamba mama mkwe humkazii macho, humkalii karibu, na akiinuka unampisha. Kwa hiyo kila nilipoingia karakana mambo yalikwenda hivi: Mama anainuka, anasogea dirishani, mimi nakaa, napima. Nikimaliza nainuka, nasogea mlangoni, naangalia sakafu. Yeye anakaa, na kioo kinazimika. Tulikuwa na adabu nzuri sana. Muda wote huo sikuwahi kumwona akifanya kazi.

Basi nilipokwenda kujaribu tena, nikiwa pale mlangoni na macho yangu kwenye vipande vya kitambaa sakafuni, nilimwuliza huwa anafanya nini hasa kioo kinapozimika.

"Sifanyi kitu," alisema. "Nikichora kinawaka. Kinazimika nikifikiri."

Mke wangu, aliyekuwa anakata suruali kwenye meza ya pili, alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Akasema basi kompyuta hiyo inamfahamu mama yake vizuri, maana Mama akianza kufikiri hata wao hukimbia. Nami nikacheka. Lakini njiani kurudi kibandani lile neno lilinikaa kichwani kama mwiba wa samaki kooni. Mteja anayesema mashine yake inaharibika akifikiri, ama anakutania, ama ameona kitu ambacho hakina jina. Na Mama hakuwa mtu wa kutaniana na mkwe wake.

Kesho yake nilikwenda mapema, mke wangu akiwa ameenda kununua nyuzi. Mlango wa karakana ulikuwa wazi na mafundi wawili walikuwa kibarazani wakipiga pasi. Mama akainuka kama kawaida yake. Nikamwomba asiinuke.

"Mama," nilisema, na masikio yaliniwaka moto, "leo nakuomba jambo la kukosa adabu. Nataka nikae hapa karibu, nitazame mikono yako."

Alisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikanifikia.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Kaa."

Nikakaa. Alikuwa anachora ua la nembo ya kliniki. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mausi, mbali kidogo na laptopu, ukienda na kurudi polepole. Wa kushoto ulielea juu ya vitufe kama mkono wa mtu anayepapasa kitambaa kabla ya kukinunua, ukibonyeza hapa na pale. Sikujua kwamba mikono ya fundi wa zamani inaweza kutulia namna ile. Kioo kiliwaka. Ua likapata majani matatu.

Kwenye jani la nne akasita. Hakuridhika nalo. Akainamisha kichwa, na mkono wake wa kushoto, uliochoka kuelea, ukashuka taratibu ukapumzika kwenye kona ya laptopu, chini ya vitufe.

Kioo kikawa cheusi tii.

"Umeona?" alisema Mama. Akainua mkono kunionyesha, na baada ya muda kidogo ua likarudi.

Nikamwomba aushushe tena. Giza. Auinue. Mwanga. Moyo ulikuwa unanidunda kama mtu aliyeitwa jina kwenye bahati nasibu. Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, nikatazama kifundo cha mkono wa mama mkwe wangu. Alikuwa amevaa bangili pana ya rangi ya shaba, yenye vidonge vyeusi vilivyopangwa kwa ndani.

Nikamwomba anivulie. Alisita, lakini akaivua. Niliiweka mezani karibu na kimto chake cha pini, na pini zikaruka zikaing'ang'ania.

"Sumaku," nikasema.

Nilitaka kucheka na nilitaka kujizaba kibao. Kitu hiki nakijua tangu nijifunze kazi. Ndani ya fremu ya kioo cha laptopu kuna sumaku ndogo, na kwenye kona ya chini, karibu na vitufe, kuna kihisio kinachoingojea. Ukifunga laptopu sumaku inakifikia kihisio, nacho kinaamini kwamba mwenyewe amefunika, kinazima kioo. Kwa kawaida kompyuta nayo ingelala, na fundi yeyote angeshtuka mara moja. Lakini mimi ndiye niliyeipanga isilale. Kioo cha pembeni kilibaki na picha kwa sababu hiyohiyo. Draiva niliyoitukana haikuwa na kosa, kadi haikuwa na kosa, na kebo niliyoitupa ilikuwa nzima. Kila Mama alipotulia kufikiri, laptopu ilidhani amefunga kazi.

Nilimweleza yote hayo kwa pupa, nikijua atafurahi. Hakufurahi. Alikuwa anaitazama ile bangili.

"Hii alinivisha mkeo," alisema. "Siku presha ilipopanda. Aliambiwa bangili hii inaishusha. Alisema nisiivue hata nikioga." Akaanza methali ya kikulacho, akaikata katikati, akatikisa kichwa. "Usimwambie. Mwambie ni draiva. Hilo neno ameshalizoea."

Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko inavyoruhusiwa kwa mkwe, kwamba nikisema ni draiva basi kazi imenishinda, na yule mchoraji atakuja.

"Aje," alisema Mama. "Bora aje kuliko mwanangu ajue ni yeye."

Mke wangu akaingia wakati huohuo, amekumbatia maboksi ya nyuzi. Jambo la kwanza aliloliona ni bangili mezani, imejaa pini kama nungunungu. Akamwuliza mama yake kwa nini ameivua. Mama akanitazama mimi. Alinitazama machoni kabisa, ananiomba.

Mimi si mtu wa kudanganya kuhusu kazi yangu, na sikuweza kusema ukweli ulionyimwa ruhusa. Kwa hiyo nilitoa pini moja moja, nikaichukua bangili, nikaiweka kwenye kona ya laptopu. Giza. Nikaiinua. Ua likarudi.

Mke wangu akaweka nyuzi chini. Akanyoosha mkono nimpe. Akaijaribu mwenyewe, akaiinua, akaijaribu tena, uso wake ukiwa na udadisi kama wangu mwanzoni, kisha udadisi ukamtoka na nikaona anahesabu nyuma, anatafuta siku ambayo giza lilianza.

"Nilikuvisha mimi," alisema. "Halafu nikakuita nuksi."

"Ulinivisha kwa sababu uliniogopea," alisema Mama.

"Nilitaka upumzike. Nilitaka usichoke, Mama. Sitaki kukukosa."

Mama alikunja mkono wa blauzi, akaunyoosha mkono wake wa kulia, ule wa mausi, unaokaa mbali na ile kona.

"Nivishe hapa," alisema. "Presha haichagui mkono. Lakini nikuambie kitu, mwanangu. Ukinitoa kwenye meza hii utanikosa nikiwa bado niko hapahapa."

Mke wangu alimvisha. Ilimchukua muda, na machozi yalimdondokea juu ya bangili akayafuta kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa naona haya kuyatazama mambo yale, lakini nilitazama. Mama akarudi kwenye ua lake, na baada ya muda mkono wa kushoto ukashuka tena kwenye ile kona, ukatulia. Kioo kikaendelea kuwaka.

Mke wangu akaenda dirishani na simu yake. Nilimsikia akimsalimia yule mchoraji vizuri, akamwuliza hali, akamwomba radhi.

"Nilikosea, ndugu yangu," alimwambia. "Nilidhani hiki kiti kiko wazi."