Mshale Ulioangalia Nyuma

"Moja... kimya... moja, mbili, tatu." Falesi alihesabu kwa sauti, ameinama mlangoni mwa gari, macho hayabanduki kwenye taa nyekundu ya dashibodi. "Inarudia! Moja, kimya, tatu! Jamani, imesema!"

"Imesema nini?" Mzee Kamphambe, mwenye gereji, alikuja mbio na kikombe chake cha uji mkononi.

"Mbele, upande wa dereva. Sensa ya kugonga."

Alichomoa kipande cha waya alichokuwa amekichomeka kwenye soketi ya chini ya usukani, kile kinachoifanya taa ipepese badala ya kukodoa tu. Mafundi wawili walikuwa wameshindwa na gari hili. Mmoja alitaka liwekewe kompyuta mpya. Wa pili alitaka kuing'oa balbu, mambo yaishe. Lakini Falesi na taa walijuana zamani. Miaka sita alikaa kwenye geti la gereji hii ya Biwi, Lilongwe, akiuza maandazi, na kila taa iliyopepesa ndani aliihesabu akiwa nje, mafuta yakichemka mbele yake. Siku moja akapaza sauti akataja jibu kabla ya fundi. Walicheka wee! Baadaye wakamwita ashike tochi, kisha spana, na asubuhi hii Mzee Kamphambe alikuwa ametamka mbele ya watu: "Ukiizima hii, mama, meza ya dirishani ni yako. Fundi umeme kamili. Getini hurudi."

Mwenye gari, Mzee Chimtengo, alikuwa akitembea huku na huku ndani ya suti ya rangi ya udongo, akitazama saa. Leo alikuwa anakwenda Dedza kumposea mpwa wake, yeye ndiye mshenga, na gari lake liligonga ng'ombe wakati wa Krismasi. Fundi bodi wa mtaa mwingine alilishonea pua mpya, ikapendeza, ila taa ya mifuko ya hewa haikuzima tena.

"Mama fundi, wakwe wa Dedza hawana mchezo," alisema. "Nikichelewa, wananitoza faini ya kuku mbele ya umati."

"Kuku atabaki na manyoya yake, Mjomba. Ondoa shaka."

Falesi alitoa waya wa betri, akasubiri mifuko ipoe, akaingiza mkono nyuma ya taa kubwa. Akaitoa sensa: kijidude cha ukubwa wa kiberiti, kimepasuka ubavuni, kimeota ukungu wa kijani mdomoni. Akaweka nyingine, nzima, ya gari la aina ileile lililokufa uani. Akakaza boliti mbili. Waya ulikuwa mfupi kidogo, akauvuta, ukafika.

Betri ikarudi. Swichi ikawashwa. Taa ikakodoa. Gereji nzima ikashika pumzi, hata fundi wa gia akatoka chini ya lori. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita...

Ikazima.

Ilikuwa kelele! Wakagonga mabati kwa nyundo, mtu akamvisha Falesi kofia ya kuchomelea, naye akacheza nayo. Mzee Chimtengo alimpa mikono miwili, akaingia garini, akaondoka kwa honi: apitie mashangazi na jogoo, kisha njia ya Dedza. Mzee Kamphambe mwenyewe alipangusa meza ya dirishani kwa shati lake.

Falesi akaketi. Mbele yake akaweka ile sensa mbovu, akaisugua kwa kitambaa, basi tu, kwa furaha, kama mtu anavyosugua sufuria ya kwanza ya nyumba yake. Uchafu ukatoka. Chini ya uchafu kulikuwa na mshale mdogo uliochorwa kwenye plastiki.

Akaugeuza mshale uelekee dirishani. Akaugeuza uelekee ukutani.

Mshale huo huangalia mbele ya gari, daima. Na mdomo wa waya huwa upande wa nyuma ya mshale. Lakini kwenye gari lile, waya aliuingiza kutokea mbele, kwenye wavu. Ndiyo maana haukufika vizuri! Fundi bodi aliifunga kinyume, akakata na kile kijipini cha kwenye bodi kinachozuia kosa, na yeye Falesi akaweka nyingine vilevile alivyokuta ya zamani.

"Mzee," alisema, "nimeifunga inatazama nyuma."

Mzee Kamphambe aliacha kutabasamu. "Taa si imezima?"

"Taa inajua waya umeunganishwa tu. Haijui sensa inaangalia wapi. Akigonga mti, ile itakuwa inasikiliza upepo wa nyuma. Nipe namba yake nimpigie."

"Umpigie umwambie nini?" Mzee aliisukuma simu yake ndani ya mfuko wa suruali, akashusha sauti. "Kwamba kwa Kamphambe wanafunga vitu kichwa chini? Sikiliza, mama. Mteja kacheka, kaondoka. Akirudi wiki ijayo, tutageuza kimyakimya."

"Na asiporudi?"

"Ukitoka na hadithi hiyo, ujue meza hii nampa mwingine."

Falesi aliitazama meza. Ilikuwa na mwanga mzuri, jamani, mwanga mzuri kweli. Akachukua spana ya kumi, akatoka mbio.

Getini alimkuta Laitoni, mwendesha baiskeli za abiria. "Njia ya Dedza! Kizuizi cha polisi! Wana foleni pale, tutawawahi!"

"Mama, na mwili huo, kilima kile?"

"Mwili huu ulikuwa unakupa maandazi ya jana bure. Kanyaga!"

Laitoni akakanyaga. Kilimani Falesi alishuka akasukuma kwa nyuma, spana ameibana kwa meno, watoto wakishangilia. Kwenye mteremko baiskeli iliruka kama mbuzi aliyekata kamba. Na kweli, kule mbele, foleni. Na ndani ya foleni, vitenge vya bluu vya mashangazi vimejaa dirishani, na jogoo anawika.

"Mjomba! Zima gari!"

Mzee Chimtengo alitoa kichwa. "Mama fundi? Nimesahau nini?"

"Wewe hujasahau. Mimi nimekosea." Akawaambia, akihema, mbele ya mashangazi wanne, foleni nzima na askari. Hakupunguza neno.

"Kwa hiyo tungekufa?" shangazi mkubwa aliuliza.

"Mngefika salama, pengine. Lakini kama mngegonga kitu, mifuko ingelala."

Mzee Chimtengo alitazama saa, akatazama jogoo. "Dakika ngapi?"

"Kumi."

"Kuku wangu keshaliwa," akasema, akafungua boneti.

Falesi akatoa waya wa betri. "Sasa tunasubiri dakika mbili. Haraka hapa hairuhusiwi." Kila mtu akamtazama. Akaona bora awatoe jasho na wao. "Kitendawili!"

"Tega!" mashangazi wakaitika, wamesahau kukasirika.

"Walinzi wangu wawili hawali, hawalali. Siku wakipiga kelele, nyumba inajaa mara moja."

"Mbwa!" "Wakwe!" "Askari wa kizuizi!" Askari mwenyewe akacheka.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Zomba!"

"Nimefika Zomba, nikala samaki, nikanenepa, Laitoni akashindwa kunibeba. Walinzi ni hizi sensa, moja kila upande wa pua; zikilia, mifuko ya hewa inajaa garini." Akaingiza mkono, akafungua, akaigeuza, akahakikisha mshale kwa ncha ya kidole, akakaza. Mara hii waya ulifika wenyewe, umelegea, una raha.

Swichi. Taa ikakodoa, mashangazi wakahesabu kwa pamoja kama kwaya. Kwenye sita ikazima, na shangazi mkubwa akapiga kigelegele kilichomnyamazisha jogoo. Mzee Chimtengo akafunga boneti.

"Fundi aliyekosea ananikimbiza kwa baiskeli," alisema taratibu. "Hii nitaihadithia Dedza." Gari likaondoka, vitenge vikipunga.

Simu ikatetemeka kifuani mwa Falesi. Kamphambe. Kabla hajaamua, askari akamsogelea, kofia mkononi.

"Mama, langu lile pale lilishonwa pua mwaka juzi. Taa haiwaki, nikadhani ni zima. Mshale wake unaangalia wapi?"

Falesi akaifuta spana kwenye kitenge chake, akaiacha simu iite, akainama ndani ya gari la askari. Nyuma yake mlango wa gari la kwanza kwenye foleni ulifunguka, dereva akashuka, akainua boneti yake mwenyewe. Kisha la pili. Kisha, juani, hadi kwenye kona, boneti moja baada ya nyingine zikaanza kuinuka.