Nyekundu Haivukwi

Mguu wa kushoto wa Mzee Breki ulikuwa umegeuka kutazama nyuma, kama mtu aliyeitwa na jirani njiani. Mwenyewe alikuwa amekaa kitako kwenye matope, uso mbele, na kwa kitambo yeye na mguu wake hawakuelewana ni nani kati yao aliyekosea.

Hakusikia maumivu, na hilo ndilo lililomtisha. Kinywani mlikuwa na ladha ya chuma, masikio yalivuma, na mikono ilipapasa majani yenyewe bila kuagizwa, kama inatafuta miwani. Miwani alikuwa ameivaa.

"Hapana, bwana," akauambia mguu, kwa upole tu. "Rudi."

Mguu haukurudi.

Maisha yake yote ya kazi aliendesha treni, na hakuwahi kuangusha hata behewa la makaa. Jina la Breki alipewa na wenzake, waliosema kwamba akiona shati jekundu limeanikwa kambani kando ya reli, atasimamisha treni mpaka likauke. Yeye hakukasirika. Nyekundu haivukwi, alikuwa akisema, na wanawe waliisikia kauli hiyo kabla ya kujua kutembea. Alipostaafu aliondoka na filimbi yake, bendera zake mbili, ya kijani na nyekundu, na hadithi zisizojua aibu.

Safari hii ililetwa na balbu. Balbu ya chumba cha nyuma iliungua, Mzee Breki akapanda kigoda aibadilishe, kigoda kikamkana. Hakikuvunjika kitu isipokuwa ile balbu mpya. Lakini binti yake, mkataji nguo katika karakana ya sare za shule, mtu ambaye akisema neno ujue mkasi umeshapita, alikuja jioni ileile akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba, miguu imekwisha. Unahamia kwangu. Chumba nimeshakipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Usinizungushe."

Mzee Breki alitazama mwavuli wa marehemu mkewe, ambao bado ulining'inia nyuma ya mlango. Kutoka katika nyumba ile kwake ilikuwa sawa na kung'olewa jino zima.

"Miguu iliyokwisha haiwezi kutembea Njia Ndefu, au siyo?" akasema.

Njia Ndefu hupita juu ya mgongo wa milima, mwanzo wake mpaka mwisho wake, na vibanda vya kulala hapa na pale. Vijana wenye vifua kama milango huianza wakiimba, na nusu yao hurudi wakichechemea.

"Nikiimaliza," mzee akaendelea, "nabaki hapa, na habari ya kuhama isitajwe tena. Nikishindwa, njoo na gari la mizigo."

"Kwa miguu yako? Yote? Bila kupanda hata pikipiki?"

"Unaniona mimi ni mtu wa kudanganya?"

Binti alicheka kwa puani, wakapeana mikono.

Na kweli alitembea. Siku za kwanza zilikuwa za mteremko mwema na mabango makubwa kila njia panda, na magoti yalilalamika kwa adabu. Kisha akafika kibanda cha mwisho kabla ya msitu, na pale mdomo ulimponza.

Mama mtunza kibanda aliwakusanya wasafiri baada ya chakula cha jioni. "Kuanzia kesho hakuna mabango," akasema. "Mtafuata rangi iliyopakwa kwenye miti. Nyekundu ndiyo njia yenu. Nyekundu, nyekundu, mpaka bondeni." Maneno mepesi, mtoto angeyashika. Lakini Mzee Breki alikuwa kwenye kona amemgeuzia mgongo, amewateka wasafiri wawili, anawaeleza jinsi alivyowahi kusimamisha treni nzima kwa ajili ya kuku aliyekuwa akiatamia katikati ya reli.

"Tukangoja," alikuwa akisema. "Utamkanyaga mzazi? Abiria wakashuka, wakaoana, wakagombana, wakaachana. Mayai yalipotoka vifaranga, kila aliyekata tiketi ya daraja la kwanza alipewa kimoja."

Basi asubuhi akaingia msituni, na mbele yake, kwenye shina la mti mkubwa, palikuwa na doa la rangi nyekundu.

Mzee Breki alisimama. Alisimama kwa namna alivyosimama maisha yake yote, mwili mzima, bila kushauriana na kichwa. Akatoa filimbi, akapuliza kuomba njia. Hakuna aliyejibu. Akakaa juu ya jiwe, akala kipande cha mkate, akangoja nyekundu ibadilike. Ndipo alipoona upande wa kulia mti mwingine wenye doa la kijani, na nyuma yake mwingine, na mwingine, ukishuka bondeni. Akashukuru. Akapangusa makombo, akaingia kwenye kijani kama dereva aliyefunguliwa njia.

Ilikuwa njia ya wakata magogo. Hapo ndipo walipoburuzia miti kuishusha bondeni, na ardhi yote ilikuwa imefunikwa maganda mabichi, yanayoteleza kama sabuni ya maji. Alipiga hatua chache tu za heshima. Zilizobaki alizipiga kwa mgongo.

Sasa alikuwa amekaa pale na mguu wake mgeni. Simu haikushika mtandao. Maumivu yalianza kufika, taratibu kwanza, halafu kama abiria wote wanaoshukia stesheni moja. Akauma kola ya shati. Kiatu hakukivua, alijua akikivua hakitarudi. Alichukua fimbo yake ya kutembelea, akailaza kando ya mguu, akaifunga juu kwa bendera ya kijani na chini kwa ile nyekundu. Alipomaliza alitapika kidogo kwa upande, akajifuta, akatazama huku na huku kama kuna mtu aliyemwona.

Hapakuwa na mtu. Hapo moyo ukamshuka. Kufa hakukumtia hofu sana. Aliona gari la mizigo mlangoni pake. Aliona watu wawili wanautoa mwavuli wa mkewe wakiuliza, huu nao unakwenda?

Akapuliza filimbi ya hatari, mara nyingi, mpaka pumzi ikakatika. Akapumzika. Akapuliza tena. Na mara ya mwisho, wala hakukusudia, midomo ikapuliza yenyewe filimbi ya nyumbani: fupi mbili, ndefu moja.

Hiyo ndiyo aliyokuwa akiipuliza kwenye kona ya mtaa kila aliporudi kutoka kazini, kumwambia mkewe ateleke chai. Mkewe alikuwa akiweka vidole viwili kinywani, jikoni kulekule, akamjibu kwa mluzi mrefu unaopanda kisha ukazama. Majirani waliwaona wendawazimu. Tangu mama huyo azikwe, filimbi hiyo haikupulizwa tena, maana nani angejibu?

Juu ya mteremko, ndani ya miti, mluzi ukajibu. Ukapanda, kisha ukazama.

Nywele za Mzee Breki zilisimama, zile chache zilizobaki. Damu ilimwacha usoni. Hakupuliza tena, alikaa filimbi ikiwa imemganda mdomoni. Majani yakachakarika, na kitu cha kwanza alichokiona kikishuka kati ya matawi kilikuwa viatu vya mvua vya mkewe. Havikuwa vya kufanana tu. Vilikuwa vyenyewe, vya bluu, na kile kiraka cha kisiginoni alichokibandika kwa mkono wake.

"Mama watoto," akasema, sauti haitoki. "Subiri kwanza. Hata kuoga sijaoga."

Viatu viliteleza, vikapaa hewani, na juu yavyo akafuata binti yake, akishuka kwa makalio, mkoba umempita kichwani. Akatua karibu na baba yake kwa kishindo.

Walitazamana.

"Baba," akasema binti mwishowe. "Mguu wako."

"Nimeuona. Wewe umetoka wapi?"

"Nyuma yako."

"Tangu leo?"

"Tangu mwanzo. Jana nililala jikoni kwa mama wa kibanda. Nilikusikia na kuku wako kupitia ukuta, sikusikia kingine. Safari hii umewaozesha mpaka abiria."

Mzee Breki alimtazama mtoto wake, matope mpaka kwenye nyusi. "Ulikuwa na wasiwasi na mimi."

"Wasiwasi wa nini? Nilikuja kuhakikisha hupandi pikipiki. Si ndiyo mapatano?"

Mguu ulikuwa umemshtua. Mluzi wa mkewe, kumbe kinywani mwa binti, ulikaribia kumwua. Lakini hili lilimwacha kinywa wazi. "Mtoto niliyemzaa mwenyewe," akasema polepole, "ananipeleleza milimani."

"Baba, mtu anayesema kuku aliatamia relini..."

"Alitotoa."

"...haachwi peke yake na ahadi."

Lakini alikuwa ameshapiga magoti, anazirekebisha zile bendera, na vidole vyake, vilivyozoea kukata vitambaa kumi kwa mpigo bila kupinda, vilikosa fundo moja mara tatu. Alipolikosa tena aliinamisha kichwa, akabaki hivyo, paji la uso limegusa goti zima la baba yake. Mzee akaweka mkono juu ya kichwa kile.

"Na huku ulifikaje?" akauliza baadaye. "Mbona ni njia mbaya hivi."

Binti alipangusa pua. "Nilikuta nyekundu. Nikasimama."

"Ukangoja?"

"Nikangoja kidogo. Haikubadilika. Ndipo nikaona kijani."

Mzee Breki aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi.

Chini bondeni msumeno ulilia. Binti akaushuka mteremko uliobaki kwa namna ileile aliyouanza, akarudi na wakata magogo na machela ya mabanzi. Msimamizi wao, bwana mnene mwenye kalamu sikioni, aliwatazama baba na binti zamu kwa zamu.

"Mzee, kijani ni yetu, ya kuburuzia magogo. Nyekundu ndiyo njia ya watu."

"Nyekundu?" akasema Mzee Breki.

"Nyekundu?" akasema binti yake.

"Wanapita wazungumzaji, wanapita wavivu, mwaka jana walipita walevi wakiimba. Hakuna aliyewahi kukosea. Ninyi ni ukoo gani?"

Waligeuziana nyuso, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke Mzee Breki aliona haya usoni zaidi kuliko maumivu mguuni. Kama asingemfundisha mtoto wake upuuzi uleule, mtoto angepita pale juu akifuata nyekundu, akaenda zake mpaka bondeni, naye angebaki kwenye maganda mpaka sasa. Wazo hilo lilimpiga baridi, akaomba blanketi.

Zahanatini waliunyoosha mguu. Kelele aliyopiga hapo, wagonjwa wengine walisimuliana, ilifanya mbwa wa mlinzi ahame kazi. Kisha wakamfunga gamba la plasta mpaka gotini, tabibu akamwonya asikanyage chini hata kwa utani.

Kitandani pale, Mzee Breki alikunja shati lake akaliweka juu ya mkoba.

"Nimeshindwa," akasema. "Sikuimaliza. Lete gari la mizigo."

Binti akaenda kulitafuta, bila haraka. Mapatano ni mapatano. Hilo nalo alifunzwa nyumbani.

Mwavuli ulisafiri mapajani mwa mzee mpaka kwenye jengo anamoishi binti. Mkwewe, fundi miwani, mwembamba kama fito, aliwapokea chini ya ngazi. Ghorofa ya nne. Kwenye mlango wa lifti kilining'inia kile kibao cha "Mbovu" ambacho wapangaji walikwishakizoea kama picha ya ukutani. Wote watatu walitazama ngazi zikipanda gizani. Wakalitazama gamba la plasta.

Binti alikibonyeza kitufe cha lifti hata hivyo.

"Hukuliwaza hilo," Mzee Breki akasema.

"Wewe uliliwaza?"

"Mimi nilikuwa nawaza rangi ya chumba."

Mkwe akajitolea kumbeba. Kwenye ngazi ya sita magoti yake yalianza kugongana, kwenye ya tisa akaomba radhi kwa marehemu wazazi wake, wakamshusha mzee kabla hajawa yatima wa mkwe. Binti alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, viatu vya mama yake miguuni, akakaa muda mrefu. Kisha akamwambia mumewe, kwa sauti ya mkasi, apande akachukue godoro.

Basi jioni ile Mzee Breki alikuwa kwenye kiti chake, katika nyumba yake, mguu juu ya mto, mwavuli nyuma ya mlango mahali pake. Mkwe aliingia na godoro kichwani, akagonga fremu ya mlango.

"Sisi tutalala wapi, baba?"

"Chumba cha nyuma. Ila taa yake imeungua, na mimi nimekatazwa kigoda."

Binti alitoa balbu mfukoni. Alikuwa ameinunua njiani bila kusema. Akakivuta kigoda, akapanda, akanyoosha mkono. Kigoda kikayumba. Mkwe akaziba macho kwa godoro.

Mzee Breki alijinyoosha kutoka kitini, akakishika kigoda mguu wake mmoja kwa mikono yote miwili.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Miguu imekwisha."