Kumtoa Mwenye Nyumba

Mama mkwe wangu alijikwaa kwenye ukingo wa zulia la sebuleni, akaanguka na kikombe mkononi. Hakuvunjika popote, Mungu ni mwema, lakini kikombe kilikwenda vipande na mkono ukavimba. Ndipo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mtoto pekee aliyembakia mama yake, aliposema nyumba ile lazima itengenezwe.

"Shemeji, humu ndani giza," aliniambia. "Vitu vimejaa kama stoo. Mama anatembea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kuna fundi namfahamu, nitamleta."

Sikubisha. Nyumba ni ya mama, na yeye ndiye mwanawe. Mimi ni mkamwana tu, ingawa niliingia humo bibi harusi na nikabaki humo mjane. Siku tuliyomzika mume wangu, bibi yule ndiye aliyeninawisha uso, akaniambia, "Usirudi kwenu. Mimi na wewe tumeachwa na mtu mmoja." Tangu hapo tukawa tunaishi wawili, tukigombana juu ya chai. "Wewe hupiki chai," alikuwa akisema, "wewe unasuuza sufuria."

Kuna neno ni lazima niliseme hapa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mama mzazi wa mama mkwe wangu alizeeka akapotewa na akili, wakamfungia ndani ya nyumba asiyoijua tena. Alikuwa akilia mlangoni kutwa, akiomba arudishwe kwake. Mama mkwe wangu alikuwa msichana wakati huo, na kilio kile hakikumtoka masikioni. Kwa hiyo alipoona yeye mwenyewe ameanza kusahau majina ya watu, alituita mimi na shemeji, akatukalisha, akasema kwa sauti kavu, kama anatupangia mapishi ya jioni:

"Maadamu naijua nyumba yangu, msiniguse. Nitafia hapa. Siku mkiona siijui, msinifungie ndani kama mbuzi. Iuzeni, mnipeleke kwa mwanangu. Semeni ndiyo."

Tukasema ndiyo, mikono yetu juu ya Kitabu Kitakatifu.

Kwa mwanawe maana yake ni nyumbani kwa shemeji, mji wa mbali, ambako chumba cha kumweka mtu ni kimoja na kitanda ni kimoja. Mimi ningekwenda kwa binti yangu. Hilo hakuna aliyenificha. Basi kila asubuhi nilipopiga magoti niliomba jambo moja: aijue nyumba yake mpaka siku yake ya mwisho.

Na alikuwa anaijua. Jina langu lilimponyoka, chai aliitia chumvi akaninywesha na kuniuliza mbona nakunja uso, lakini miguu yake haikukosea. Hata umeme ukikatika alitoka chumbani hadi jikoni peke yake, mkono ukipapasa mgongo wa kochi, halafu kona ya kabati la vyombo, halafu ukuta. Pale ukutani kiganja chake kilikuwa kimechora mstari mrefu wa mafuta, mweusi kidogo, unaong'aa. Nilikuwa nikiusugua kwa sabuni zamani. Baadaye niliuacha.

Fundi wa mapambo alikuja na shemeji. Mwanamke wa makamo, mnene, sauti laini, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

Mama alimtazama toka juu hadi chini. "Wewe daktari?"

"Hapana, bibi. Mimi fundi wa nyumba."

"Basi pima nyumba. Mimi nimeshapimwa vya kutosha."

Fundi alicheka sana, na mama akampenda kwa sababu hiyo. Alizunguka vyumba vyote, akipimapima, akisimama mlangoni na kukodoa macho. Alichosema nilikiona ni cha haki. Mapazia mazito yanakula mwanga. Kabati limekaa mbele ya dirisha. Picha za ukutani zimejazana, harusi, ubatizo, mazishi, mpaka ukuta hauonekani. "Nyumba hii ina kelele, mama," aliniambia. "Si ya masikio. Ya macho." Alikuwa na mkono wa kazi, sitamsingizia. Alisogeza kiti kimoja tu ukumbini, na ukumbi ukapanuka.

Shemeji akamchukua mama kwake kwa juma la kupaka rangi, asikabwe na harufu. Aliniambia mlangoni, macho yanang'aa kama ya mtoto, "Akirudi atadhani ameingia peponi."

Kazi ikafanyika. Kuta zilipigwa msasa, nyufa zikazibwa, rola ikapita na rangi ya maziwa, mara ya kwanza na ya pili. Mstari wa mafuta ulikataa kufunikwa, ukawa unachungulia chini ya rangi mbichi, mpaka fundi akaupaka dawa ya kuziba madoa. Zulia likakunjwa. Kabati, kochi lenye mgongo mrefu na kiti cha mama cha mbao vikaenda stoo ya nyuma. Picha zote zikashuka. Badala yake yakaja makochi mafupi ya kijivu, mapazia mepesi, kioo kikubwa mkabala na dirisha ili mwanga uingie mara mbili. Juu ya meza, chombo kimoja cha maua. Nilisimama katikati ya sebule ile na fagio mkononi, nikaona ni nzuri. Nzuri kweli. Nilijisikia kama nimeingia kwa watu kuomba kazi.

Mama aliletwa mchana. Shemeji alimshika mkono mpaka kizingitini, akafungua mlango wote. Mama akaweka mguu mmoja ndani, akausimamisha.

"Hodi," akasema.

Shemeji akacheka. "Mama! Unapiga hodi kwako?"

"Hodi wenyewe," akarudia, akinyoosha shingo.

"Karibu, mama," nikamwambia, kwa kuwa sikujua la kufanya jingine.

Akaingia. Akakaa ukingoni mwa kochi la kijivu, magoti pamoja, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuposa. Akaona kioo. "Na yule mwenzangu," akauliza, "mbona mmemweka dirishani? Mkaribisheni naye akae." Tulicheka, shemeji na mimi. Akatutazama kwa adabu, akatabasamu kidogo, asijue tunacheka nini. Hapo shemeji akaacha kucheka.

"Atazoea," alisema wakati anaondoka. "Mgeni siku mbili, shemeji."

Hakuzoea. Mto wa kupamba aliuinua akauuliza, "Wewe hulaliwi, umekuja kufanya nini?" na hilo lilikuwa la mwisho kunichekesha. Asubuhi alinikuta jikoni akanishukuru kwa malazi. Alikunja shuka zake vizuri, akachukua mkoba, akaenda kukaa karibu na mlango. "Mwanangu mkubwa atakuja kunichukua," alisema. "Ni mtu wa kuchelewa, lakini huja." Mwanawe mkubwa ndiye mume wangu. Nilikwenda uani nikajidai naanua nguo.

Usiku hakulia. Mchana ndio alilia, kwa sauti ya chini, kichwa kwenye mlango. Sikumsikia mama yake enzi hizo, lakini nilijua ndicho kilio chenyewe.

Fundi alirudi kurekebisha fimbo ya pazia iliyolegea. Mama alimsihi, "Mwanangu, wewe unatoka nje. Nipeleke kwangu, si mbali." Fundi akaniangalia. Nikamweleza yote, na ahadi tuliyoapa. Akashuka kwenye ngazi, akaketi kwenye ngazi ya chini.

"Mama," alisema, "kazi hii nimejifunzia kwenye nyumba za kuuzwa. Huko tunafundishwa kumtoa mwenye nyumba. Picha zake, kiti chake, harufu yake, vyote tunavitoa, ili mnunuzi akiingia ajione yeye. Nimefanya hivyo hivyo hapa. Wala sikufikiri. Mkono ulizoea." Akajipangusa uso kwa pazia alilokuwa ameshika. "Nimemtoa mwenye nyumba, na mwenyewe yumo ndani."

"Shemeji yangu hakujua," nikasema. "Na mimi niliona ni pazuri."

"Turudishe."

"Kuta je?"

Alichukua bisibisi, akafungua kifuniko cha swichi ya taa. Chini yake kulikuwa na kipande cha rangi ya zamani, kijani kilichofifia kuelekea manjano, kisichoguswa na rola. Akakisogezea kadi zake za rangi, moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa. Mwisho alichanganya mwenyewe ndooni, tone la hiki, tone la kile, mpaka nikasema ndiyo, ndiyo yenyewe.

Tulifanya kazi wawili, mama tukimkalisha kwa jirani. Tulisukuma kabati mpaka mbele ya dirisha, likala mwanga kama zamani. Tukatandika zulia, safari hii ukingo tumeugongelea misumari. Picha nilizipachika mimi, kila moja kwenye msumari wake. Kioo tulikitoa. Mstari wa mafuta peke yake ndio uliotushinda. Fundi alijaribu kuuchora kwa kitambaa na mafuta ya kupikia, akarudi nyuma akautazama. "Unafanana na uchafu," alisema. Na kweli, ulifanana na uchafu. Akaufuta.

Nilisali kabla ya kwenda kumchukua mama. Sala fupi. Mungu hahitaji kuelezwa mara nyingi.

Aliingia bila kupiga hodi. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha mbao, akapapasa mkono wa kiti, akaketi, akaegemea. Akashusha pumzi ndefu. Fundi alinibana kidole.

"Hiki kiti changu," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Chako."

"Na kabati langu lile. Na zulia. Na mzee yule pale ukutani, na kofia yake." Alituangalia mmoja mmoja, macho yamejaa machozi ya shukrani. "Watu wema nyie. Mmekwenda mpaka kwangu mkanibebea vitu vyangu vyote, ili nisijisikie mgeni."

Kisha akageuka kuutazama mlango.

"Lakini sasa kule kumebaki nini? Kuta tupu. Wezi wakiona nyumba tupu wataingia. Nirudisheni kwangu, wanangu. Na vitu hivi virudi."

Fundi alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani, kwenye upenyo uliobaki kando ya kabati, amesimama na ndoo yake tupu.

Sijui ni rangi iliyofanya, au ugonjwa ulikuwa umeshafika na rangi ikaufungulia mlango. Nimeliwaza sana jambo hili. Chumvi kwenye chai ilikuwapo kabla ya fundi. Jina langu lilipotea kabla ya fundi. Lakini miguu ilikuwa inajua, na baada ya hapo haikujua tena, na hilo ndilo ninaloweza kushuhudia.

Shemeji alikuwa akipiga simu kila jioni. Jioni ile nilikaa na simu mapajani kabla haijalia, na nitasema ukweli, neno lilikuwa mdomoni. Anaijua. Neno moja tu. Yuko mbali, asingeona. Ningekaa naye, ningemfungia mlango, ningemzoea akilia, na asubuhi angenishukuru kwa malazi. Tungekuwa wawili.

Ndani, alianza kulia tena pale mlangoni.

Simu ikalia. "Vipi, shemeji? Vitu vimerudi? Anaijua?"

"Haijui," nikasema.

Nikamsikia mwanamume yule mzima akilia kama aliyefiwa. "Nimemfukuza mama yangu kwake, shemeji. Kwa rola na ndoo ya rangi."

"Ulitaka aone vizuri," nikamwambia. "Usijitie kitanzi. Njoo umchukue, tulisema ndiyo."

Alikuja na gari la kukodi. Nilimwogesha mama, nikamvalisha gauni lake la bluu, nikampaka mafuta miguuni, polepole, kidole kwa kidole. Alikuwa na furaha. Tulipomwambia anakwenda nyumbani alipiga makofi. Alizunguka sebule akiaga viti. Mlangoni alinishika mikono yote miwili, kama watu wanavyomshika mwenyeji aliyewatendea mema.

"Mwenye nyumba," aliniambia, "nimekula vizuri kwako, nimelala vizuri. Ila chai yako, jamani, ongeza majani." Shemeji aligeuza uso. "Ukipita kwangu usinipite. Mimi nipo na mke wa mwanangu, mtoto mzuri sana yule, atakupokea. Nimemwacha peke yake siku nyingi mno. Atakuwa ananisubiri."

Nilitaka kumwambia. Mdomo ukafunguka. Lakini mtu anayekwenda kwake kwa furaha namna ile, umshike mkono umwambie nini?

"Karibu tena, mama," nikasema. "Msalimie."

"Salamu zimefika," akajibu, akaingia garini bila kugeuka nyuma, kama afanyavyo mtu aliyechelewa nyumbani.