Waya Haufiki Chumbani kwa Mama

"Hodi hodi! Wenyewe mpo?"

Salima ndiyo kwanza alikuwa ametandika mkeka sebuleni na kuchomeka waya wa intaneti kwenye kompyuta yake mpakato. Akafungua mlango, akamkuta mzee asiyemjua, kanzu imemgandama kwa mvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Twalib, wa Songo Songo. Nilikuwa safarini, msiba wa baba yako nimeusikia jana. Nimekuja kumpa mama pole."

Amwambie nini? Siku hiyo mdogo wake, Zuwena, alikuwa anaozwa Lindi, nyumbani kwa baba yao mdogo, maana marehemu aliusia ndoa isiahirishwe. Mama yao, Bi Maimuna, yumo edani: hatoki, wala haketi na mwanamume asiye maharimu wake. Salima alikuwa amemwahidi ataiona ndoa yote kwenye kompyuta, hata asipotoka hapo Kivinje. Akamwandalia sebule, kwa kuwa ndiko waya unakofika. Na sasa sebuleni kuna mgeni.

"Nitakaa barazani tu," mzee alisema alipoelezwa.

"Mvuani? Rafiki wa marehemu?" Bi Maimuna alidakia nyuma ya pazia la chumbani. "Salima, mpe taulo na kahawa. Harusi na ije huku huku."

Salima hakubabaika. Alichomoa waya, akawasha mtandao usio na waya, akaipeleka kompyuta kitandani kwa mama. Picha ikaja, kisha ikaganda. Baba mdogo akabaki kinywa wazi.

"Shemeji kawa samaki wa barafu!" Mama alicheka, halafu kicheko kikamkauka. "Wameshaanza, Salima?"

Kuta za nyumba ile zilikuwa za mawe ya matumbawe, nene. Mtandao ulikuwa unafia humo. Lakini mlango hauna mawe. Salima aliishusha ruta kutoka rafuni, akaisogeza hadi mlangoni mwa chumba. Waya wake, ulioteremka kutoka darini, ulifika kwa shida, tena ruta ikiinuliwa juu ya kichwa. Msumari wa kuitundikia haukuwapo, wala muda wa kuutafuta. Akainyanyua kwa mikono miwili. Chumbani sauti ya shehe ikafunguka.

"Hapo hapo!" mama alipiga kelele.

"Lete nishike mimi, ukamtazame mdogo wako," mzee alisema akiinuka.

"Mzee wangu, huu ni mlango wa mwenye eda."

Mzee akaketi. "Kweli. Basi mimi nitashika kikombe."

Mabega yakaanza kumuwaka moto Salima. Pazia lilimziba; hakuona hata ncha ya kioo.

"Zuwena anaulizwa! Masikini, anatetemeka. Salima, njoo umwone, upesi!"

Akapiga hatua nusu. Sauti ya shehe ikakatika. Akarudi.

"Tazama wewe, mama. Utanisimulia."

"Nimekubali," sauti ya Zuwena ikasema, na Bi Maimuna akalia kwa furaha, taratibu. Shehe akaanza dua. Salima akaitikia "Amin" kutoka mlangoni, mikono ingali juu.