Siku Ticha Alipokaguliwa

Ukumbi wa viti mia mbili ulikuwa na wanafunzi mia tatu na arobaini, wengine kwenye ngazi, wengine madirishani. Kipaza sauti kilikufa muhula uliopita, kwa hiyo Ticha alifundisha kwa nguvu ya koo. Kwenye ratiba, somo lile la sosholojia lilikuwa la Profesa. Ticha, mwanafunzi wa uzamivu, aliwekwa pale ili aandaliwe kuwa mwalimu. Maandalizi yenyewe yalikuwa mwaka wa tatu sasa: atunge mitihani, asahihishe, ameze malalamiko, na asilipwe, maana anayefunzwa halipwi. Mama yake alishindwa kuelewa. "Binti yangu," aliuliza kwenye simu, "wewe unasoma au unafundisha?"

Kilichobaki ni fomu moja. Chuo kimoja cha ualimu kilikuwa tayari kumwajiri, ila kilitaka fomu ya ukaguzi, iliyosainiwa na Profesa aliyemwona akifundisha, ifike kabla ya Ijumaa. Profesa hakuwahi kumwona hata siku moja. Aliahidi kuja leo, Jumanne.

Saa tisa na nusu mlango wa nyuma ukafunguka, Profesa akaingia bila kelele. Hakuna aliyesimama, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Binti mmoja alijibana kidogo akamwambia, "Karibu, mzee, kaa hapa." Profesa akakaa, akatoa kalamu.

Ticha alimwona, akaligeukia darasa. Kwenye semina za maandalizi waliambiwa waanze na maisha ya mwanafunzi, naye kwa utii wake wote alikuwa ndiyo kwanza ameuliza: taja mahali unapopajua vizuri, nani anafanya kazi pale, na jina la nani linaandikwa?

Mkono uliokuwa juu ulikuwa wa Afande. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mlinzi wa geti la chuo hichohicho, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na darasani alikuja na sare.

"Afande, ngoja kwanza, tusikie mwingine," Ticha alisema.

"Si umeuliza, Ticha? Mimi napajua hapahapa. Somo hili lina jina la Profesa. Daftari la geti naliandika mimi na wenzangu. Gari lake tunalijua kwa namba tu, vioo ni vyeusi, sura yake sijawahi kuiona; tangu muhula uanze, Jumanne halimo. Wewe unaingia kwa miguu, na jina lako halipo popote."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Yule binti alimgusa Profesa kiwiko ili naye acheke. Profesa akacheka.

Lilikuwa jibu bora kuliko yote aliyopata kwa miaka mitatu. Ticha alilijua hilo, na moyo ukamuuma. "Haya," alisema, "tufungue ukurasa wa pili."

Wanafunzi walipotoka, Profesa aliteremka mpaka mezani.

"Umeiva," alisema kwa upole. "Yule wa sare anaitwa nani?"

"Sijui, Profesa. Ni wengi mno."

"Humjui?" Aliweka fomu mezani, akaonyesha kwa kidole. "Kuna kipengele hapa: anawafahamu wanafunzi wake? Nikijaza hapana, sitakuwa na cha kusaini. Fikiria vizuri, binti yangu."

Kabla hajajibu, Afande akarudi, kofia mkononi. Ticha alimkata jicho. "Nenda bwana, tutaongea kesho."

"Dakika moja tu, Ticha." Akamgeukia mzee. "Shikamoo. Nimeona fomu, nikajua wewe ni mkaguzi. Andika kwamba huyu anafundisha. Tangu nianze chuo sijawahi kufungua mdomo darasani. Leo nimeongea."

"Marahaba. Nitaandika," alisema Profesa. "Jina lako kamili?"

Ticha alitaka kusema neno. Aliitazama fomu, aliutazama mstari mtupu wa saini, akaanza kukusanya karatasi zake.

Afande alitaja majina yake yote matatu, taratibu, akisubiri kila moja liandikwe. La mwisho alilirudia ili lisikosewe. Profesa aliyaandika kwenye kijitabu chake cha mfukoni. Kisha akaivuta fomu, akasaini, akamkabidhi Ticha.

"Asante, Profesa," alisema Ticha.

Afande alikuwa bado anatabasamu alipolisikia neno hilo, "Profesa". Alimtazama mzee, kisha akamtazama mwalimu wake.