Furushi Lililonasa Kwenye Magimbi

Mvua za Aprili zilimchosha Gladness. Kwao Kahe kuchimba shimo la taka ilikuwa kazi ndogo, lakini huku Uru alikoolewa, kila akipiga jembe kihambani, shamba la migomba linalozunguka nyumba, alikutana na tope au mizizi ya migomba. Jioni moja akazifunga pampasi chafu za mwanawe Aika kwenye kitenge chakavu, akashuka bondeni na kulitupa furushi kijitoni. Maji yalikuwa mengi, yakalibeba. Akaona mambo yamekwisha.

Mvua ilipopungua, jumuiya yao ya kanisa ilitoka kuzibua kijito. Gladness alikwenda na mama mkwe wake, Mama Ronald. Walikuwa wakifyeka kando ya maji pale jirani yao Elifuraha alipovuta kitu kwenye magimbi kwa reki. Furushi likapasuka.

"Yesu na Maria! Na sisi tunachota hapo chini tu!" Akakiinua kile kitenge. "Hii si sare ya harusi ya Ronald?"

Sare ile waliivaa wanawake wa nyumba moja, na mwenye mtoto mchanga katika nyumba hiyo alijulikana. Gladness alihisi uso unawaka.

"Ni changu," alisema Mama Ronald. "Nimetupa mimi. Naombeni mnisamehe."

Mzee Wenseslaus, kiongozi wa jumuiya, alimkaripia mbele ya wote kama anayemkaripia mtoto. Mama Ronald aliinama, akaanza kuziokota pampasi kwa mikono. Gladness alibaki amesimama na panga lake.

Walipofika nyumbani alilia. "Mama, kwa nini?"

"Mimi wamenizoea, watanisema watachoka. Wewe utachota maji na hawa wanawake mpaka uzeeke. Haya, nipe mtoto, ukachimbe shimo."

Alichimba. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Elifuraha, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mama. Zile pampasi zilikuwa zangu."

"Marahaba. Wanawake wote tulijua, mwanangu. Uchafu tungeuzoa tukasahau. Kilichotuuma ni kumwona mwenzetu anajidhalilisha, na wewe umesimama tu unatazama."

Gladness alirudi taratibu kupitia bondeni. Kwenye kivuko cha kijito wanawake waliokuwa wakifua walimsalimu kwa jina la mwanawe, kama siku zote. Aliitikia akitazama mawe badala ya nyuso zao.