Muswada wa Nguzo

Mwenye kiwanda cha barafu alikuwa kaka mkubwa wa msusi. Ndiye aliyebeba jeneza la shemeji yake, mume wa msusi, baada ya nguzo ya umeme iliyooza shinani kumwangukia mlangoni pa saluni. Kwa hiyo msusi aliposikia bungeni kuna muswada wa kulazimisha nguzo zote zikaguliwe kila mwaka, alimkimbilia yeye kwanza.

"Kaka, kamati inataka watu wa kwenda kusema. Twende wote."

Kaka mtu akakuna kidevu. "Nitakwenda. Lakini nitakwenda na wenzangu wa chama cha wafanyabiashara."

Msusi alifurahi. Hakuuliza hao wenzake wanakwenda kusema nini.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa makoti: wenye viwanda, wenye hoteli, na wakili wa kampuni ya umeme aliyewasalimu wabunge kwa majina ya utani. Msusi alisema yake: jinsi alivyokuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa, aliposikia kitu kinavunjika kwa kishindo nje, jinsi mumewe alivyokuwa ameinama kufunga kiatu. Mbunge mmoja alijifuta macho. Msusi akaona mambo yameiva.

Ndipo kaka yake aliposimama.

"Marehemu nimemzika kwa mikono hii," alisema, na sauti ilimtetemeka kweli, si ya kuigiza. "Asije mtu akaniambia sijui uchungu. Lakini gharama ya ukaguzi itaangukia bei ya umeme, na viwanda vitafungwa. Hao mayatima mnaowahurumia, mjomba wao akifunga kiwanda, nani atawasomesha?"

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akamgeukia msusi. "Mama, ni kweli kaka yako ndiye anayewasomesha wanao?"

Msusi akatazama vidole vyake. "Ni kweli."

Hakuulizwa tena. Muswada uliwekwa kando hadi utafiti zaidi ufanyike, na wakili akaanza kukusanya karatasi zake kabla mwenyekiti hajamaliza kusema.

Nje, kaka alimfungulia mlango wa gari. Akapanda. Angefanyaje, na mkono uliomkaba koo ndio unaomlisha?

"Umeninunia," kaka alisema njiani.

"Sijanuna."

"Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Alilifikiria hilo kwa haki, akajikuta hana jibu, na hapo ndipo alipokatwa maini kuliko yalivyomkata yale makofi. "Watoto wanakuulizia," alisema. "Pita uwasalimie."

Kaka alipita, akala, akawakagulia madaftari, akawatania wakacheka. Msusi akaenda kufungua saluni. Nguzo iliyofuatia ile iliyoanguka ilikuwa imeliwa na mchwa, nyaya zimelegea hadi usawa wa paa. Chini yake, kwenye benchi, mteja alikuwa akimsubiri.

"Ingia ndani, mwanangu," msusi alimwambia. "Hapo pana jua."

Msichana akatazama mawingu, akamtazama yeye, akaingia.